Spana Namba Kumi na Nne

Watu wa karakana walimwita Mzee Hesabu, na si kwa sababu alizijua hesabu. Shuleni hesabu zilimtoa jasho, na mwenyewe hakuona aibu kulisema. Walimwita hivyo kwa tabia moja iliyowakera wote: hakuna ndege iliyotoka mikononi mwake kabla hajavihesabu vifaa vyake kwa sauti, kimoja kimoja, akivigusa kwa kidole. Rubani atamwita, abiria watanung'unika, meneja atatoka ofisini kashika kiuno. Mzee Hesabu yuko pale pale juu ya ngazi, kumi na mbili, kumi na tatu. Ukimsemesha katikati, anaanza upya. Basi watu walijifunza kufunga midomo.

Kwa kazi za safarini alikuwa na mkoba wa turubai unaokunjwa kama mkeka, wenye mifuko kumi na tisa, kila mfuko na kifaa chake. Mkewe ndiye aliyeushona, na alipenda kusema kwamba mumewe akifa atamzika nao ili aende akawahesabie malaika mabawa. Nyumbani kwao, vyumba viwili nyuma ya duka la rangi, Mzee Hesabu alihesabu hata vijiko. Mke alikwisha kuzoea, akawa anaficha kimoja makusudi ili amwone anavyohangaika.

Tabia hiyo hakuiokota karakana. Aliirithi kwa mama yake. Walipokuwa wadogo, watoto watatu katika nyumba ya chumba kimoja, mama hakulishusha komeo la mlango jioni kabla hajawahesabu. Mafuta ya taa yalikuwa ya kubana, kwa hiyo aliwahesabu gizani, kwa mkono, akiweka kiganja juu ya kila kichwa: mmoja, wawili, watatu. Dada alikuwa mmoja, kaka alikuwa wawili, na yeye, kitinda mimba, alikuwa watatu siku zote. Bila watatu, mlango haukufungwa.

Ijumaa ile mchana dada yake alipiga simu. Jicho moja la mama lilikwisha kufa zamani. Sasa hilo la pili lilikuwa limeota uvimbe kwa ndani, na daktari bingwa anayefika hospitali yao mara moja kila miezi miwili alisema lazima litolewe Jumatatu. Likiachwa mpaka zamu yake nyingine, uvimbe utaingia kichwani. Mama alikubali bila ubishi, ila alikuwa na sharti, na dada akalifikisha kama lilivyo.

"Anasema sauti yako anayo, inakuja kwenye simu kila Jumapili. Anataka uso. Anataka kukuona kabla taa haijazimwa."

Mzee Hesabu alikaa kitako juu ya ndoo ya oili. Ilikuwa miaka tisa tangu aione nyumba ya mama yake. Si kwamba hakumpenda. Kila mwaka alipanga, na kila mwaka ndege fulani iliugua wiki ile ile, na Jumapili alisema kwenye simu, mama, mwezi ujao. Miaka thelathini na mmoja sasa tangu aanze kazi ya kuwawezesha watu wengine kufika kwao, na kwao mwenyewe hakufika. Hilo lilimchoma, na hakuwa na wa kumlaumu.

Kaka, aliyeishi mji mmoja na Mzee Hesabu, alipanda basi jioni ile ile. Basi lilichukua siku mbili barabarani, na abiria walishuka wamevimba miguu. Mzee Hesabu hakutaka basi. Jumatatu kulikuwa na ndege ndogo ya kampuni inayokwenda kule kule kupeleka mzigo, na meneja alimruhusu akae kiti cha fundi. Akamtania kaka yake kituoni kwamba yeye atalala kitandani mwake usiku zote mbili za basi na bado watanywa chai ya saa sita pamoja. Kaka alicheka, akapanda basi lake na mto wa shingo.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa uwanjani, amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka ardhini. Hata mkia wa ndege ulikuwa hauonekani ukisimama kwenye pua.

Rubani alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye wote walimwita Kapteni, mtulivu kupita kiasi, anayetafuna karanga moja moja. Alimwambia mzee asiwe na wasiwasi, ukungu utaondoka. Mzee Hesabu alizunguka ndege mara sita. Alikagua matairi aliyokwisha kukagua jana. Alitazama saa, akatazama ukungu, akatazama saa. Subira yavuta heri, Kapteni alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mzee alitamani kumziba mtu mdomo.

Abiria mwingine alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mfanyabiashara wa kuku, mwenye mdomo usiojua likizo. Mzigo ulikuwa wake: maboksi sita yenye matundu, ndani vifaranga mia tatu wa siku moja. Wateja wake wanawasubiri jioni hiyo, alieleza, na kifaranga hana subira, joto likizidi anakufa, baridi ikizidi anakufa, ukimtazama vibaya anakufa. Karakana nzima ililia pii pii pii. Mzee Hesabu aliona kana kwamba sauti ile inatoka kifuani mwake.

Waliondoka saa mbili na nusu. Huko juu upepo ulikuwa unawakabili usoni, na Kapteni alisema utawapotezea dakika ishirini. Mama Vifaranga, kama mzee alivyombatiza kimoyomoyo, alisimulia jinsi alivyoanza na kuku wanne na bati bovu. Mzee alimwitikia kila alipovuta pumzi, lakini roho yake ilikuwa imetangulia mbele ya ndege, ikigeuka nyuma na kuiambia njoo.

Karibu na kituo cha mafuta, uwanja mdogo wa njiani walikopanga kujaza, injini ikaanza kukohoa. Kikohozi kidogo tu, abiria asingekisikia, ila Mzee Hesabu alikisikia kama mama anavyomsikia mwanawe usingizini. Kapteni alimtazama, naye akamwambia ni plagi moja imechafuka, washuke tu. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza: chini, ng'ombe kama arobaini walikuwa wamelala katikati ya uwanja, na iliwabidi wazunguke juu mara tatu mpaka mtu mmoja atoke na baiskeli kuwafukuza.

Mtu huyo alikuwa mzee mwenzake mwenye buti za mpira, mlinzi wa mapipa ya mafuta ya ndege, na ndiye aliyekuwa uwanja mzima: mlinzi, mjazaji mafuta, mfukuza ng'ombe. Mzee Hesabu aliegemeza ngazi, akafungua kava la injini, akaanza kutafuta ile plagi. Chini yake mzee wa mapipa alipampu kwa mkono, na pampu ikavuta hewa zaidi ya mafuta. Nati yake ilikuwa imelegea. Aliita kwa upole akiomba spana, namba kumi na nne ikiwezekana.

Mzee Hesabu hakuwahi kumwazima mtu spana. Karakana walijua kwamba ni rahisi kuazima mke wa mtu kuliko spana yake. Lakini ilikuwa saa sita kasorobo, pampu ile bila kukazwa ingekula saa mbili nzima, na mama yake alikuwa akitazama mlango. Akaichomoa kwenye mfuko wake, akaishusha bila hata kutazama chini.

Plagi ilikuwa nyeusi tii. Aliisugua, akaipuliza, akairudisha, akaikaza. Wakati fulani mkono ulipanda kutoka chini ukimnyooshea kitu, akakipokea. Kisha akaukunjua mkoba juu ya ngazi, kava bado wazi kama sheria yake ilivyo, akaanza: moja, mbili, tatu. Alikuwa amefika kumi na moja simu ilipolia.

Alikuwa dada. Daktari anakwenda haraka kuliko walivyodhani, wagonjwa wawili wameahirishwa, na mama aliyepangwa wa mwisho saa kumi na moja sasa ataingia saa kumi kamili. Kaka amefika tangu jana. Yeye yuko wapi?

Mzee Hesabu aliwatazama ng'ombe. "Niko njiani," alisema, kama wasemavyo wote wanaochelewa.

Alipokata simu, Kapteni alikwisha kukaa kwenye usukani na Mama Vifaranga alikuwa akigonga dirisha. Saa saba kasorobo. Safari iliyobaki ilikuwa saa mbili na robo. Angefika saa tisa, na kutoka uwanjani mpaka hospitali ni robo saa. Ilikuwa inawezekana bado. Alilifunga kava, akakaza vifungo vyake, akaukunja mkoba, akaufunga kamba, akapanda.

Walipokuwa wakiruka alimwona mzee wa mapipa anakimbia kando ya uwanja, mkono mmoja juu, akipunga kwa nguvu zake zote. Mama Vifaranga akasema yule ni mtu wa watu, ona anavyotuaga. Mzee Hesabu naye akainua mkono, akampungia.

Kwa dakika thelathini hivi alikuwa na furaha. Injini iliimba. Upepo ulikuwa umepungua, na Kapteni akasema wanaweza hata kuokoa dakika kumi. Mama Vifaranga alisinzia. Mzee aliuweka mkoba mapajani, na vidole vyake, ambavyo havijui kukaa bure, vikaanza kupita juu ya turubai vyenyewe, vikibonyeza. Chuma, chuma, chuma. Hakuwa akihesabu, vidole ndivyo vilivyohesabu. Mfuko wa kumi na sita ukabonyea.

Aliukunjua mkoba. Namba kumi na nne haikuwamo.

Alitafuta mfukoni mwa shati, mfukoni mwa suruali, chini ya kiti, chini ya boksi la vifaranga. Kisha akajaribu kuukumbuka ule mkono uliopanda kutoka chini. Ulimpa nini? Kitambaa alikuwa nacho, kwa hiyo ulimpa kitambaa. Au kitambaa alikuwa nacho tangu mwanzo, na ulimpa spana, naye, plagi ikiwa mkono wa pili, akailaza juu ya injini kwa sekunde moja tu. Aliiona kabisa spana ikiwa imelala pale, karibu na nyaya zinazoamuru mafuta. Kisha akaona ni akili yake inayoichora. Na yule mzee aliyekimbia? Labda alikuwa akipunga spana. Labda alikuwa akiaga tu, ni mtu mpweke, ana ng'ombe na mapipa.

Labda. Kwa labda hafungi mtu kava la injini.

Nisiwafiche, aliwaza kunyamaza. Aliwaza kwa dakika tano nzima, na mtu aweza kuwaza mengi kwa dakika tano. Injini ilikuwa inaimba. Hakuna aliyejua ila yeye. Spana ikiwa imelala mahali salama italala mpaka mwisho wa safari, na kesho ataitoa kimyakimya. Mafundi wangapi walishasahau vitu na ndege zikafika? Alimwona mama yake kwenye kiti, jicho lake moja mlangoni. Kisha akaona Kapteni akitia karanga mdomoni, na Mama Vifaranga amelala kinywa wazi, wote wawili hawana habari, wamemwamini kwa sababu yeye ni Mzee Hesabu na Mzee Hesabu huhesabu.

Akainama mbele, akamwambia Kapteni kwamba spana moja haionekani na huenda imo ndani ya injini.

Kapteni hakugeuka. "Huenda, au imo? Una uhakika, mzee wangu?"

"Sina. Ndiyo maana inabidi tushuke."

Kapteni aliitazama saa ya ndege. Alijua habari za mama. Uwanja mzima ulijua. Kurudi kwenye mapipa ni mwendo mrefu, alisema, ila kuna kiwanja cha udongo cha shamba la zamani, dakika kumi kushoto. Wakishuka huko wataanza upya saa ngapi, Mungu ndiye ajuaye. "Na mama je?"

"Shusha ndege, mwanangu," alisema Mzee Hesabu.

Kiwanja kilikuwa majani, udongo mwekundu, kibanda kisicho na mlango na kichuguu kirefu kuliko mtu. Joto liliwakumba kama mtu kafungua jiko. Mama Vifaranga aliposikia sababu ya kushuka, alimtazama Mzee Hesabu kuanzia viatuni mpaka kichwani. Alitaka kujua kama spana moja ina thamani kuliko vifaranga mia tatu. Mzee akamjibu kwamba na yeye mwenyewe yumo kwenye ndege hiyo hiyo. Mama Vifaranga akaanza kubeba maboksi kuyapeleka kibandani. Wote watatu wakabeba. Kisha mwenye mali akakaa katikati ya maboksi na kifuniko cha boksi, akawapepea wanawe huku akiwaombea na kumlaani fundi kwa zamu.

Mzee alifungua kava, akaingiza kichwa. Alimulika kwa tochi, akachungulia kwa kioo kidogo chenye mpini, akapitisha vidole nyuma ya kila bomba lililokuwa bado la moto mpaka vikababuka. Saa nane. Saa nane na nusu. Kazi ya kutafuta kitu kisichoonekana haina mwisho. Ukikipata umemaliza, usipokipata hujui kama umemaliza. Kama angempata mzee wa mapipa kwenye simu yangekwisha, na Kapteni alikuwa na namba yake, lakini simu zote tatu zilikuwa hazina mtandao. Mzee alitembea na simu juu kutoka pua mpaka mkia kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Alirudi kwenye injini. Alianza upya kutoka juu. Jasho lilimwingia machoni, na katika jasho kulikuwa na machozi, naye hakuyapangusa kwa sababu mikono ilikuwa na oili.

Pale ndipo lilipomjia wazo lililomuumiza kuliko mabomba. Hizi saa mbili ndizo atakazozisimulia. Atasema ukungu, atasema ng'ombe, atasema spana, na watu watamsikitikia. Lakini mama hakuwa akimsubiri tangu asubuhi. Alikuwa akimsubiri miaka tisa, na katika miaka hiyo hakukuwa na ukungu hata mmoja.

Saa tisa na dakika kadhaa walimsikia Mama Vifaranga akiita. Alikuwa amepanda juu ya kichuguu kuwatafuta wateja wake, viatu mkononi, na simu ilikuwa imeshika. Kapteni alipanda, akapiga. Mzee wa mapipa aliitika mlio wa kwanza. Spana ninayo, alisema, iko mfukoni tangu mlipoondoka, nimewakimbilia mpaka mwisho wa uwanja ninaipunga, na yule fundi wenu akanipungia na yeye.

Kapteni aliirudia habari hiyo polepole kutoka juu ya kichuguu. Mama Vifaranga alianza kucheka, akaona uso wa mzee, akaacha.

Mzee Hesabu alipanda wa mwisho, akampigia dada. Daktari amekataa kusogeza, dada alisema, wamebakiwa na nusu saa. Mzee akaomba aongee na mama. Alisikia simu inapelekwa, minong'ono, kisha dada akarudi akasema mama hataki. Anasema simu haina uso. Na simu ya dada ilikuwa ya tochi tu, haikuwa na macho ya kumwonyesha mtu.

Alishuka. Alivihesabu vifaa vyake mpaka mwisho, kumi na nane, na hakuna aliyemharakisha. Ndipo akalifunga kava. Walirudisha maboksi ndani, na saa tisa na nusu wakaruka. Saa kumi kamili mzee aliitazama saa yake angani, akaifunika kwa mkono wa shati, na hakuitazama tena.

Walitua saa kumi na moja. Pikapu ya Mama Vifaranga ilikuwa ikimngoja, na alimsukumia mzee kiti cha mbele bila kumwuliza anakwenda wapi. Vifaranga kumi na moja walikuwa wamekufa. Alikuwa amewahesabu, naye hakulificha hilo. Njia nzima, ajabu, hakusema kitu. Mlangoni pa hospitali ndipo aliposema, akitazama mbele.

"Ningekuwa mimi, ningenyamaza. Nimelifikiria tangu kwenye kile kichuguu. Ningenyamaza kabisa, na watu wangenizika wakinisifu." Kisha akaondoka na kelele zake.

Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vinane, na mlango wa mbao ambao haukufunga vizuri. Ulikuwa ukisukumwa na upepo, unagonga, unarudi. Kaka alikuwa amesimama dirishani. Alimtazama mdogo wake na hakusema neno la basi wala la ndege, na hiyo ilikuwa adhabu tosha. Dada aliinuka kutoka ukingoni mwa kitanda. Alimnong'oneza kwamba daktari alitoa dakika kumi zaidi kwa kubembelezwa sana, na mama alizitumia zote kumi akiutazama mlango wa wodi. Ulipogonga kwa upepo, alinyanyua kichwa kila mara.

Mama alikuwa amelala chali, bandeji nyeupe imezunguka kichwa kutoka kwenye nyusi mpaka puani. Alikuwa amekuwa mdogo. Hawakumlaza usingizi kwa sababu ya moyo wake, walimtia ganzi tu, kwa hiyo alikuwa macho, kama neno hilo bado lilimfaa.

"Hatua hizo ni za nani?"

"Ni mimi, mama."

"Sogea."

Alipiga magoti kando ya kitanda. Mkono wa mama ulipanda ukamgusa shavu, ukapita sikio, ukafika juu ya kichwa, ukasita. Ukazunguka pale mara mbili.

"Huyu nani? Nywele ziko wapi?"

"Zimeondoka, mama. Mwaka wa nne sasa."

"Hukuniambia kwenye simu."

Kweli hakumwambia. Kila Jumapili kwa miaka tisa walizungumza mvua, bei ya sukari na magoti yake, na hakuwahi kumwambia kwamba ana kipara. Dada alicheka na kulia kwa pamoja. Mzee Hesabu yeye alilia tu, uso kwenye shuka, na alipopata sauti alimwambia mama yake yote: ukungu, ng'ombe, spana, kiwanja. Alimwambia hakuna aliyemchelewesha, amejichelewesha mwenyewe, leo na siku zote.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Na hiyo spana, ilikuwamo?"

"Haikuwamo. Ilikuwa mfukoni mwa mtu."

Mama akamwuliza kama anaikumbuka siku aliyopotea. Hakuikumbuka, hakuna aliyewahi kumsimulia. Hakuwa ametimiza miaka mitano, mama alisema. Yeye mama amehesabu jioni, mmoja, wawili, watatu hakuna. Akatoka na mvua yake. Akaamsha mtaa mzima. Akashuka mpaka mtoni, akaingia maji mpaka kiunoni akipapasa kwa mikono. Asubuhi dada mtu akavuta kapu la nguo chafu, na huyo hapo, amelala zake fofofo. Mtaa ulimcheka mwezi mzima.

"Ulinichapa?"

"Nilikuchapa sana." Midomo yake ilitabasamu chini ya bandeji. "Lakini mtoni sikujutia kwenda." Akamtafuta mkono, akaushika. "Nilitaka kukuona, nisikudanganye. Imeniuma na itaniuma. Ila ungeruka na labda yako, ukaniletea uso wako huku umewabeba watoto wa watu namna ile, nisingetaka kuuona."

Akaomba na wengine wasogee. Kiganja chake kikashuka juu ya kichwa cha dada, kikaenda kwa kaka, kikarudi kwenye kipara. Mmoja. Wawili. Watatu. Hakukosea hata mara moja, maana hakuwahi kuwahesabu kwa macho.

"Haya, fungeni huo mlango. Unanipigia kelele tangu mchana."

Kaka alikwenda akausukuma, ukarudi. Mzee Hesabu akainuka, akaupapasa. Bawaba ya juu ilikuwa imelegea, parafujo mbili ziko nusu nje. Aliukunjua mkoba wake sakafuni, akatoa bisibisi, akazikaza, akairudisha bisibisi mfukoni mwake. Kisha, kwa mazoea, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, kidole kikigusa chuma kimoja kimoja. Wagonjwa wa vitanda vingine walimshangaa. Midomo ya mama ilikuwa ikienda pamoja naye, namba kwa namba. Alipofika kumi na nane akanyamaza.

"Na ile moja?" mama aliuliza.

"Iko kwa mzee wa mapipa."

"Basi funga."